KUONYESHA PICHA ZA NYUMBANI KATIKA TELEVISHENI: TUCHAGUE NJIA IPI?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

(Maneno haya ni yale yaliyosomwa redioni. Yamepigwa chapa ili mwanafunzi ayasome tena polepole, peke yake au pamoja na wenzake.)

Ndugu wanafunzi, kila mmoja na awe na daftari na kalamu. Kiongozi wa darasa na awe karibu na ubao, maana leo tutafanya hesabu kidogo.

Katika nyumba nyingi siku hizi mna hazina isiyojaza kabati wala sanduku. Imo katika simu, katika flashi na katika kompyuta. Ni picha za harusi, mahafali ya watoto, sauti ya babu akisimulia habari za ukoo, na sinema mlizozinunua. Hazina hiyo leo tutaiita maktaba ya nyumbani.

Watu wa nyumba wakitaka kuitazama pamoja, hawawezi kubanana mbele ya simu moja. Wataka kuiona katika televisheni. Na pengine televisheni ni mbili: moja sebuleni, nyingine chumbani kwa bibi. Hapo ndipo swali letu linapoanza. Tutaipelekaje picha kutoka mahali inapokaa mpaka kwenye televisheni, isikatike katikati, wala tusimwite fundi kila jioni?

Mkienda dukani mtaonyeshwa vyombo vingi, na kila kimoja kimeandikwa sifa zake juu ya boksi. Msichague kwa kuhesabu sifa. Chombo kizuri ni kile kitakachofanya kazi siku mnayokihitaji. Tuseme jamaa wamekuja kutoka mbali kwa arobaini ya mzee wenu. Jioni wanataka kumwona tena na kumsikia. Picha ikigoma saa ile, sifa za boksi hazitawafaa kitu. Basi na tujifunze kuchagua.

TANGI, BOMBA NA MFEREJI

Fikirini maji ya nyumbani. Kuna tangi linalohifadhi maji. Kuna bomba linaloyapitisha. Kuna mfereji unaoufungua ili uchote.

Katika habari yetu, tangi ni mahali picha zinapokaa: flashi, simu au kompyuta. Bomba ni njia ipitayo picha: yaweza kuwa waya, yaweza kuwa mawimbi ya Wi-Fi. Mfereji ni televisheni. Ukifungua mfereji, maji huja kidogo kidogo nawe unayatumia. Huna haja ya kulibeba tangi zima mpaka jikoni. Picha nazo zaweza kuja hivyo hivyo, kidogo kidogo, huku mnatazama. Kazi hiyo huitwa kutiririsha.

Maji yasipotoka, mwenye akili haupigi mfereji teke. Hutazama tangi, kisha hufuata bomba kiungo kwa kiungo. Nanyi fanyeni vivyo hivyo picha inapokatika. Tena kumbukeni kwamba kila kiungo ni mahali paweza kuvuja. Kwa hiyo kanuni ya somo letu ni hii. Kiongozi, tafadhali iandike ubaoni:

Chagua njia yenye viungo vichache kabisa, maadamu inatosha haja yako.

WI-FI SIYO INTANETI

Kabla ya kwenda mbele, na tuondoe kosa moja. Watu wengi hudhani kwamba Wi-Fi na intaneti ni kitu kimoja. Sivyo. Wi-Fi ni njia ya ndani ya nyumba. Intaneti ni barabara ya nje. Mtu aweza kutoka jikoni kwenda sebuleni bila kulipa nauli ya basi. Vile vile picha yaweza kutoka kwenye kompyuta yenu, ikapita katika ruta, ikafika kwenye televisheni yenu, bila kula bando hata kidogo. Ruta ni kile kisanduku kinachogawa Wi-Fi. Kinataka umeme tu. Kwa kazi hii ya ndani hakidai bando.

Basi ye yote akiwaambia kwamba hamwezi kutazama picha zilizomo nyumbani mwenu mpaka mnunue bando, mwulizeni: kwani picha zangu zinapita wapi?

NJIA NNE

Njia ya kwanza ni flashi au diski ya nje. Unaichomeka katika tundu la USB la televisheni, unachagua faili kwa rimoti, unatazama. Hapa viungo ni vichache mno. Tangi limekutana na mfereji, bomba halipo. Kwa nyumba yenye televisheni moja, mara nyingi njia hii yatosha.

Hata hivyo ina mipaka yake. Flashi ni ndogo, hupotea upesi, na huwezi kuichomeka katika televisheni mbili kwa wakati mmoja. Tena flashi nyingi zimepangwa kwa mpango wa zamani uitwao FAT32, ambao haukubali faili moja lizidilo gigabaiti 4 hivi. Ukijaribu kunakili video ndefu ya harusi ukakataliwa, huku nafasi ingalipo, huenda sababu ni hiyo. Fundi aweza kuipanga upya kwa mpango wa exFAT, lakini kwanza hakikisheni kwamba televisheni yenu inausoma mpango huo. Tena nakilini kwanza vyote vilivyomo mahali pengine, maana kupanga upya hufuta kila kitu.

Njia ya pili ni waya wa HDMI kutoka kompyuta mpaka televisheni. Hapa kompyuta ndiyo inayosoma picha, na televisheni ni kioo tu. Kila picha iliyokubali kufunguka katika kompyuta itaonekana na katika televisheni. Ubaya wake ni kwamba kompyuta lazima iwe karibu, na mtu lazima ainuke kila anapotaka kubadili picha. Lakini siku ya shughuli, njia nyingine zote zikigoma, waya huu ndio mwokozi. Nunueni mmoja, muuweke.

Njia ya tatu ni kurusha picha kutoka simu kwenda televisheni kwa Wi-Fi. Chombo kimoja mashuhuri cha kazi hiyo ni Chromecast, ambacho kampuni ya Google ilianza kukiuza mwaka 2013. Njia hii ni nyepesi, na vijana huipenda. Lakini sikilizeni jambo lililotokea.

Tarehe 9 Machi 2025, Chromecast za aina ya pili, zile zilizotolewa mwaka 2015, ziligoma pamoja katika nchi nyingi za dunia. Hazikuvunjika. Umeme ulikuwapo na Wi-Fi ilikuwapo. Kisa chake kilikuwa cheti. Ndani ya vyombo vya namna hii mna cheti cha utambulisho, kama kitambulisho cha mtu, nacho kina tarehe ya kwisha. Cheti kilichotumiwa na vyombo vile kilikuwa kimekwisha muda wake, na wengi wa wenye navyo walilazimika kungoja. Baada ya siku kadhaa Google ilituma marekebisho kwa intaneti, na vyombo vikaanza tena kufanya kazi.

Mwaona? Mtu alikuwa na tangi lake, bomba lake na mfereji wake, lakini kiungo kimoja kilikuwa mikononi mwa mtu wa mbali. Sisemi kwamba vyombo hivyo havifai. Nasema kila chombo kiulizwe: ni nani mwenye ufunguo?

Njia ya nne ni seva. Msiliogope neno hili. Seva ni kompyuta iliyopewa kazi ya kuwahudumia wengine. Picha zote hukaa ndani yake, nayo huzigawa kwa televisheni zote za nyumba. Bibi atazama harusi chumbani, watoto watazama katuni sebuleni, na wote wanachota katika tangi moja.

Ili kompyuta iwe seva, yatakiwa programu. Ipo Jellyfin, iliyoanza mwaka 2018. Hailipiwi, na majina ya watumiaji wake hukaa katika kompyuta yenu wenyewe. Ipo Plex, nayo ni ya kampuni. Wengi huisifu kwa urahisi wake, lakini mtumiaji hujiandikisha kwa kampuni hiyo, na kampuni ina haki ya kubadili masharti. Mwaka 2025 ilifanya hivyo. Kutazama maktaba yako mwenyewe ukiwa mbali na nyumba yako kukawa jambo la kulipia, ingawa kutazama ukiwa ndani ya nyumba kuliachwa bure.

Yako pia mapatano ya zamani yaitwayo DLNA, yaliyowekwa na makampuni ya vyombo tangu mwaka 2003. Chama chao kilivunjwa mwaka 2017, lakini televisheni nyingi zingali zinayafahamu mapatano yale. Hayadai kujiandikisha po pote. Ila televisheni za namna hii huchagua sana: picha ya namna hii huikubali, na ile huikataa.

HESABU YA BOMBA

Sasa tuchukue kalamu. Upana wa bomba la picha hupimwa kwa megabiti kwa sekunde. Sinema nzuri yenye picha safi, ile iitwayo 1080, huhitaji kama megabiti 8 kwa sekunde. Biti 8 ni baiti 1. Kwa hiyo megabiti 8 ni megabaiti 1.

Saa moja ina sekunde 3,600. Basi kwa saa moja zitapita megabaiti 3,600, yaani gigabaiti 3.6. Sinema ya saa 2 itachukua gigabaiti 7.2. Sasa mwafahamu kwa nini faili la sinema kama hiyo halikubali kuingia katika flashi ya FAT32.

Waya wa mtandao, hata ule wa megabiti 100, waweza kupitisha sinema kama hiyo kwa raha sana. Sinema iliyotolewa katika diski ya Blu-ray bila kupunguzwa yaweza kufika megabiti 40 kwa sekunde, na waya ule ule bado utatosha.

Wi-Fi ni habari nyingine. Nambari iliyoandikwa juu ya boksi la ruta si ile mtakayoipata chumbani. Mawimbi hudhoofika kila yapitapo ukuta. Katika nyumba za mawe za Unguja na Lamu, zenye kuta nene za matumbawe, ruta ya ukumbini huenda isisikike chumba cha tatu. Ruta nyingi zina mawimbi ya namna mbili. Yale ya 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi lakini hubeba kidogo, tena hugombana na ya majirani. Yale ya 5 hubeba mengi lakini huchoka upesi ukutani. Chumba cha karibu, tumieni 5. Chumba cha mbali, jaribuni 2.4. Na ikiwa yawezekana, seva iungeni na ruta kwa waya. Hapo mtakuwa mmeondoa nusu ya safari ya hewani, na matatizo mengi yataondoka nayo.

MKALIMANI

Huenda bomba likawa pana, na bado picha ikakwama. Kwa nini? Kwa sababu ya lugha.

Video huandikwa kwa lugha za namna nyingi. Lugha iitwayo H.264, iliyowekwa mwaka 2003, ni kama Kiswahili katika soko la pwani: karibu kila televisheni yenye kucheza video huifahamu. Lugha iitwayo H.265, ya mwaka 2013, hufanya faili liwe dogo zaidi, lakini televisheni za zamani haziifahamu.

Televisheni isipoifahamu lugha ya video, seva lazima iwe mkalimani. Huisoma picha, huigeuza, kisha huituma, yote kwa wakati ule ule mnapotazama. Kompyuta yenye nguvu huiweza kazi hiyo. Kompyuta ndogo huhema, na picha husimama kila baada ya muda kidogo. Hapo watu huilaumu Wi-Fi bure.

Dawa yake si kununua kompyuta kubwa. Dawa ni kugeuza faili mara moja tu, mapema, likawa la H.264. Ipo programu isiyolipiwa, iitwayo HandBrake, ifanyayo kazi hiyo. Iachieni kompyuta usiku kucha igeuze bila haraka. Msilifute faili la kwanza mpaka mmelitazama lile jipya mwanzo hadi mwisho. Baada ya hapo televisheni itasoma yenyewe, na mkalimani atapumzika.

MAJARIBIO MATATU

Msiiamini njia yo yote mpaka mmeijaribu. Fanyeni majaribio haya kabla ya siku ya shughuli.

La kwanza: chukueni faili kubwa kuliko yote na televisheni iliyo mbali kuliko zote. Tazameni nusu saa nzima, wakati wa jioni, watu wote wa nyumba wakiwa na simu zao mikononi. Rukeni mbele, rudini nyuma. Picha isipokwama hapo, haitakwama kwingine.

La pili: kata intaneti ya nje, lakini ruta iache inawaka. Zima televisheni na seva, kisha uviwashe upya. Picha zikionekana, maktaba ni yenu kweli. Zisipoonekana, fahamuni kwamba kuna kiungo kilicho mikononi mwa mtu mwingine.

La tatu: mpe rimoti mtu asiyejua habari hizi, bibi au mgeni, umwombe afungue picha ya harusi. Usimsaidie. Akishindwa, njia hiyo bado ni ya fundi, haijawa ya nyumba.

GHARAMA YA UMEME

Seva lazima iwe inawaka mnapotazama. Je, itakula umeme kiasi gani? Tuseme kompyuta kubwa ya zamani inakula wati 60. Kwa saa 24 ni wati-saa 1,440, yaani uniti 1.44. Kwa siku 30 ni uniti 43.2. Kompyuta ndogo ya wati 6 itakula uniti 4.32 tu kwa siku hizo 30. Tofauti yake ni uniti 38.88. Zipigeni kwa bei ya uniti moja ya kwenu, mtaona kama kompyuta ya bure iliyotolewa ofisini ni ya bure kweli. Njia nyingine ni kuiwasha wakati wa kutazama tu, kisha kuizima.

Ni hatari pia umeme kukatika ghafula wakati kompyuta inaandika, maana mafaili yaweza kuharibika. Mwenye uwezo aweke betri ya akiba, ile iitwayo UPS. Asiye na uwezo asinakili picha siku ambayo umeme unacheza.

TANGI LA PILI

Ndugu wanafunzi, hili ndilo neno la maana kuliko yote ya leo. Kutiririsha si kuhifadhi. Hata kama televisheni nne zinaonyesha harusi ile ile, harusi imo katika tangi moja. Na diski hufa bila kubisha hodi. Leo inasoma, kesho haisomi.

Televisheni ikivunjika, mtanunua nyingine. Ruta ikiungua, dukani zipo. Lakini sauti ya babu haiuzwi dukani. Kwa hiyo, kabla ya kutumia shilingi hata moja kwa chombo cha kurushia picha, nunueni kwanza diski ya pili. Nakilini kila kitu. Kisha diski hiyo isikae nyumba ile ile, bali wekeni kwa ndugu wa kuaminika, ili moto au mwizi asipate zote mbili. Kila baada ya miezi 3, ileteni, mwongeze picha mpya, na mfungue chache mwone kama zinasomeka.

BASI TUCHAGUE

Mwenye televisheni moja na picha za familia tu: flashi au diski ya nje yamtosha. Asihangaike na zaidi.

Mwenye televisheni moja na kompyuta ya kubeba: waya wa HDMI.

Mwenye televisheni mbili au zaidi na picha nyingi: seva ndogo iliyoungwa na ruta kwa waya, yenye programu isiyotegemea kampuni ya mbali, na mafaili ya H.264.

Kurusha kutoka simu ni kwa picha mbili tatu za kuonyesha wageni. Msikitumie kama tegemeo la pekee.

Na kila mmoja wenu, awe na televisheni moja au tano: tangi la pili.



MANENO YA KUKUMBUKA

Kutiririsha: kutuma picha au sauti kidogo kidogo huku inatazamwa au kusikilizwa.
Ruta: kisanduku kinachogawa Wi-Fi na kuunganisha vyombo vya nyumba.
Seva: kompyuta inayowahudumia wengine.
Megabiti kwa sekunde: kipimo cha upana wa njia ya picha.
Nakala: mfano wa pili wa faili, uliowekwa mahali pengine.

MASWALI

1. Kwa nini Wi-Fi na intaneti si kitu kimoja? Eleza kwa maneno yako mwenyewe.
2. Video ya harusi ina urefu wa saa 3. Ikihitaji megabiti 8 kwa sekunde, itachukua gigabaiti ngapi? (Jibu: 10.8.)
3. Chromecast za mwaka 2015 ziligoma kwa sababu gani?
4. Mkalimani ana kazi gani katika seva, nasi twawezaje kumpumzisha?
5. Kuna tofauti gani kati ya kutiririsha na kuhifadhi?

KAZI YA JUMA HILI

Andika orodha ya picha na sauti ambazo, zikipotea leo, hazitapatikana tena. Mbele ya kila moja andika: ipo mahali pamoja, au pawili? Zile zilizo mahali pamoja, anza nazo.